Kilichomleta ni Kichocho: Vijana, Bangi na Zahanati za Delta ya Tana



Nimeombwa nizungumzie bangi. Nilipomwambia jirani yangu, alicheka. "Utawaambia nini watu wa Garsen wasichokijua?" Ana haki. Hakuna mtu humu ndani asiyejua inauzwa wapi, na wengine tunajua hata bei ya msokoto wiki hii. Kwa hivyo sitawaeleza bangi ni nini. Nimekuja na jambo moja tu: kijana anayevuta huonekana na kila mtu isipokuwa sisi watu wa zahanati. Polisi humwona wakamkamata. Mwalimu humwona akamrudisha nyumbani. Imamu humwona akamtaja kwenye hotuba bila kumtaja jina, na jina likajulikana. Kwetu sisi huja akaketi kwenye benchi letu, tukamtibu kitu kingine, akaenda zake.

Nitaanza na kijana mmoja. Nimemshona kutokana na vijana watatu wanne niliowahudumia nilipokuwa tabibu huku delta, ili asitambulike. Katika eneo ambalo mtu akipiga chafya Minjila anaombewa dua Tarasaa, hilo ni lazima. Ana miaka 16. Ameletwa na mama yake mdogo kwa sababu anakojoa damu. Ni kichocho, ugonjwa wa yeyote aliyekulia kwenye maji ya Tana, akaoga humo, akavua humo, akavuka humo kwenda shambani. Kazi yangu ni nyepesi: chupa ya mkojo, darubini, mizani, halafu vidonge vya prazikwanteli kulingana na uzani wake. Dakika sita, nane zikizidi.

Alipoinama kuvua ndara apande mizani, shati lilitoa harufu. Macho yalikuwa mekundu, na kidole gumba na cha shahada vilikuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni. Niliona. Mama yake mdogo naye aliona kwamba nimeona, akatazama dirishani. Nikaandika kichocho kwenye daftari, nikamwambia asinywe vidonge bila kula, nikaita mgonjwa mwingine.

Wauguzi mnalijua daftari lile kwa namba yake, MOH 204B, la wagonjwa wa nje waliozidi miaka mitano. Mwisho wa mwezi hujumlishwa katika fomu ya 705B, ikaenda kaunti, ikaenda Nairobi. Malaria ina mstari wake. Kuhara kuna mstari wake. Bangi haionekani mpaka kijana awe ameshaharibikiwa, amefungwa kamba na kaka zake na kuletwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Hapo ndipo huingia kwenye takwimu, chini ya magonjwa ya akili. Ukimuuliza mtu wa takwimu ni vijana wangapi wa Tana Delta wanaovuta, atakujibu kwa moyo mweupe kwamba zahanati hazijamletea kitu.

Kitaifa tunajua kidogo zaidi. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi, yaani mmoja katika kila 53, na kwamba kiwango kilikuwa kimepanda kwa asilimia 90 ndani ya miaka mitano. Angalieni hesabu inaanzia wapi: miaka 15. Wa miaka 13 aliyekwisha kuonja hayumo.

Kuhusu inakotoka sina la kusema sana. Sehemu kubwa ya bangi inayokamatwa nchini huja kutoka Ethiopia, upande wa Shashemene, ikaingilia Moyale; nyingine hutoka Tanzania ikapitia Migori. Sisi tumekaa kwenye barabara ya Garissa kwenda Malindi, na hapo Minjila inachepuka ile ya Lamu. Penye njia panda hapakosi makombo. Kazi ya kuzuia mizigo ina wenyewe, wana bunduki na magari. Mimi nilikuwa na darubini moja na kiti kinachoyumba.

Nataka tukae kidogo kwenye sababu. Wageni wanaokuja na semina huja pia na jibu lao, kwamba vijana hawana kazi. Ni kweli, lakini jibu hilo linatosha Kisauni na linatosha Kawangware. Hapa kwetu kuna mengine. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikuwa hayajakauka vizuri, yakaja ya Aprili na Mei 2024. Familia ikapanda penye mwinuko, ikapewa hema. Hema halitoshi, kwa hivyo wavulana wa miaka 14 na 15 hulala nje. Usiku ni mrefu, mbu ni wengi, mzee hayupo, na mwenye msokoto yupo. Wawili kati ya wale niliowashona walivuta mara ya kwanza kambini, wala si shuleni wala mjini.

Kabla ya maji ulikuwa ukame. Misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na kijana wa Kiorma aliyezoea kutoka alfajiri na ng'ombe hamsini akabaki na fimbo mkononi. Fimbo bila ng'ombe ni kitu kibaya kumpa mtu wa miaka 17.

Na kuna jambo tusilopenda kulitaja tukiwa tumekaa pamoja hivi, Wapokomo na Waorma kwenye ukumbi mmoja, alhamdulillahi. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii kwenye mapigano kati ya jamii hizi mbili. Mtoto aliyekuwa na miaka minne kijiji cha Riketa kilipochomwa moto, alifika miaka 17 mwaka 2025. Aliyekimbizwa Kipao akiwa mgongoni mwa dada yake naye ni barobaro. Mmoja wa rika lao, sitasema wa upande gani, aliniambia, "Daktari, nikivuta nalala. Nisipovuta naota." Sikumuuliza anaota nini. Ningepaswa kuuliza, lakini foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe.

Neno lake hilo ndilo lililonifanya nirudi kusoma. Mtu aliyevuta kila siku kwa miezi, akiacha ghafla, hupoteza usingizi. Hamu ya chakula huondoka, hasira huwa karibu, na ndoto humrudia kwa nguvu, wazi kama mchana. Ubaya huo huwa mkali zaidi wiki ya kwanza, kisha kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili hivi, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kutulia. Kijana hajui. Anaacha Ijumaa, Jumapili anaota, Jumatatu amerudi kuvuta, na moyoni ameshathibitisha kwamba bangi ni dawa yake. Hakuna aliyemwambia kwamba nyingi ya ndoto zile ni bangi yenyewe ikiondoka mwilini. Ukimwambia mapema, "utaota sana wiki hii, usiogope," umempa kitu ambacho polisi hana na mwalimu hana.

Sisi wakubwa tumewadanganya watoto hawa. Tumewaambia ukivuta mara moja unachizi. Kijana anatoka nje, anamwona mwendesha boda boda aliyevuta miaka kumi, ana mke, ana watoto wawili na pikipiki iliyolipwa. Basi analitupa neno letu lote, la kweli na la uongo pamoja. Na la kweli lipo. Wataalamu hukadiria kwamba katika watumiaji kumi wa bangi mmoja hivi hushikwa nayo asiweze kuiacha. Kwa walioanza ujanani, ni kama mmoja katika sita. Ubongo unaendelea kujijenga hadi miaka ya ishirini na kitu, na sehemu ya mwisho kukomaa ni ile inayomzuia mtu asifanye la kwanza linalomjia kichwani.

Kuhusu wazimu, utafiti unaotajwa sana ni wa Uswidi, uliochapishwa mwaka 1987. Walifuatilia zaidi ya vijana 45,000 walioandikishwa jeshini. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara hamsini walikuja kupata skizofrenia kwa kiwango mara sita ya wasiovuta. Mara sita ya kitu kidogo bado ni kidogo kwa walio wengi, na kijana mwenye akili atakuambia hivyo. Lakini kwa nyumba ambayo mjomba alishawahi kuugua akili, mazungumzo ni mengine kabisa. Swali "kwenu kuna aliyewahi kuugua kichwa?" huchukua sekunde tano, na linafaa kuliko mabango yote yaliyobandikwa ukutani.

Kuna muguka pia, yale majani ya kutafuna, najua mtauliza. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku, Mahakama Kuu kule Embu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi, na magunia yakaendelea kupita. Kwa kijana wa Garsen vitu hivi havina mipaka: muguka mchana akae macho, bangi usiku alale. Ukimuuliza kimoja muulize na cha pili.

Sasa niwaeleze nilichokuja kukifanya baada ya kichocho kile. Kuna maswali sita yaliyotungwa mwaka 1999 na daktari John Knight na wenzake wa hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, kwa ajili ya vijana hasa. La kwanza linahusu gari: umewahi kupakiwa na mtu aliyelewa, au kuendesha wewe ukiwa hivyo? Huku kwetu gari nililigeuza boda boda, na hilo peke yake likafungua midomo, kwa sababu kila kijana ana hadithi ya boda boda na kovu la kuthibitisha. Mengine huuliza kama unatumia ili utulie au ukubaliwe na wenzako, kama unatumia ukiwa peke yako, kama unasahau uliyofanya, kama ndugu au rafiki amekuambia upunguze, kama umeingia matatani. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kukuvutia kiti ukae vizuri. Nilijaribu kuyatafsiri kwa Kipokomo mwenyewe, vijana wakanicheka. Kazi hiyo wapewe wao, na ya Kiorma vilevile.

Baada ya maswali huja maongezi mafupi. Nitawaonyesha yalivyokwenda na kijana mwingine wa kushonwa, aliyekuja na jeraha la panga mguuni. Nilikuwa nimeshamfunga bandeji.

"Mwanangu, unaniruhusu nikuulize jambo lisilohusu mguu?"

"Uliza tu, daktari."

"Bangi unavuta?"

Akatazama mlango. Nikainuka, nikaurudisha, nikaketi tena. "Hili ni la hapa ndani," nikasema.

"Kidogo."

"Inakupa nini kizuri?"

Hapo kijana hukutazama kama mtu aliyerudishiwa chenji ya ziada dukani, hajui aseme au anyamaze. Hajawahi kuulizwa hivyo na mtu mzima. "Nalala vizuri. Na chakula kinakuwa kitamu, hata sima kavu."

"Na kibaya?"

Alifikiri. "Nasahau. Mwalimu anaeleza, naelewa, nikitoka nje hakuna kitu. Halafu pesa. Na mama anajua, lakini hasemi."

"Tuseme moja ni huna haja kabisa ya kupunguza, kumi ni unataka leo leo. Uko wapi?"

"Nne."

"Mbona nne? Mbona hukusema mbili?"

Akaanza kunieleza kwa nini si mbili. Mtihani wa Kidato cha Nne. Mama. Rafiki yake aliyepelekwa hospitali ya Hola akiwa anazungumza na ukuta. Alinipa yeye mwenyewe hotuba yote niliyokuwa nimejiandaa kumpa, na kwa kuwa imetoka kinywani mwake hakuwa na wa kubishana naye. Mtindo huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na mwanasaikolojia wa Kimarekani William Miller mwaka 1983, kisha akauendeleza na Stephen Rollnick wa Uingereza. Mzee mmoja wa hapa aliposikia nikiusimulia, alisema bibi yake alikuwa akifanya hivyohivyo bila kwenda chuo. Namwamini. Tulikubaliana na kijana kwamba hatavuta siku za shule hadi nitakapomwondoa nyuzi. Siku kumi. Maongezi yote yalichukua dakika kumi na mbili.

Je, yanafanya kazi? Hapa sitawauzia dawa ya mtaani. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika kliniki za kawaida za New England huko Marekani na za Prague, jamhuri ya Cheki. Vijana walijibu maswali kwenye kompyuta, wakasoma maelezo machache, kisha daktari akazungumza nao dakika mbili tatu. Prague, waliopata maongezi hayo walitumia bangi kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, hata mwaka mmoja baadaye. New England tofauti ilionekana kwenye pombe, si kwenye bangi. Mpango mmoja, nchi mbili, majibu mawili. Na mwaka 2020 jopo la Marekani linalopima huduma za kinga lilisema ushahidi kuhusu kuwashauri vijana kwenye kliniki wasitumie dawa za kulevya hautoshi kupendekeza wala kukataa.

Mwenzangu mmoja aliposoma hilo alifunga kitabu. Mimi nililisoma kwa namna nyingine. Kijana wa Boston ambaye hakupata dakika tatu za daktari ana mshauri shuleni, ana kliniki ya vijana, ana simu yenye intaneti na mzazi mwenye bima. Dakika zile kwake ni kijiko juu ya sahani iliyojaa. Kijana wa hapa sahani yake ni tupu. Kumpa rufaa tutampa, lakini ya kwenda wapi? Malindi, zaidi ya kilomita mia moja, kuna Omari Project, na tangu 2015 kuna kliniki ya methadoni. Ni kazi njema mno, imewatoa mateja wengi mautini, lakini ilianzishwa kwa ajili ya heroini. Bangi haina methadoni yake. Mpaka leo hakuna kidonge kilichoidhinishwa cha kuiacha. Matibabu yake hasa ni mazungumzo, mengi, yanayorudiwa. Aliyekwisha kuchanganyikiwa apelekwe Hola au Port Reitz Mombasa, bila kuchelewa na bila kupitia kwanza kwa mganga wa kupunga. Lakini hao ni wachache. Walio wengi ni wa nne na tano kwenye ile hesabu ya kumi, na kwao dakika kumi na mbili za zahanati si mlango wa kuingilia matibabu. Ndizo matibabu yenyewe, na ndizo pekee watakazopata.

Kuna ugumu mmoja ambao Boston hawaujui. Ukiwa mgonjwa katika zahanati ya delta, nesi ni shangazi yako, mlinzi ni babake mwenzako wa darasani, na mwenye kufagia anasali safu moja na baba yako. Siri itakaa wapi?

Nitawaambia nilivyoivunja. Katika zahanati moja, sitaitaja, nilimuuliza kijana wa miaka 15, akaniambia kila kitu. Alikuwa wa kwanza kuniamini kiasi hicho, na nadhani nilivimba kichwa. Jioni nilikutana na ami yake msikitini, mtu mwema, ndiye anayemlea. Nikamvuta kando nikamwambia, kwa nia safi kabisa. Ami alifanya alichojua. Kijana alikuja siku ya tatu, si kwangu, kwa nesi, kufungwa vidonda vya fimbo. Nilipita mlangoni. Hakunitazama. Hakurudi tena, wala hakuna kijana mwingine wa mtaa wake aliyekuja kwangu mwaka ule, hata kwa malaria. Waliniona wakakata shauri kutembea hadi kituo kingine.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri. Nilikuwa naijua. Kujua hakukunisaidia kitu kwa sababu sikuwa nimeamua mapema nitasema nini mzazi akiuliza. Sasa nina maneno tayari, na wauguzi mnaweza kuyachukua: "Mama, kijana wako nimemtibu. Aliyoniambia ni yake. Akiwa hatarini kufa au kujidhuru nitakuita mwenyewe." Na kijana naye huambiwa mpaka huo kabla hajafungua mdomo, si baada ya kumaliza.

Wazazi, na nyinyi ninawaomba jambo. Mnatujia mkisema, "Mpime mkojo nijue." Mkojo wa mvutaji wa kila siku unaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha. Kijana wako ameacha siku kumi na nane, anapigana na usingizi, ameanza kula, na karatasi inasema anavuta. Utaamini nini? Nimeona kijana akitoka nje na karatasi hiyo akaenda moja kwa moja baze kwa wenzake. Ukitaka kujua, muulize. Akikudanganya, umejifunza kitu kuhusu nyumba yako ambacho mkojo usingekuambia.

Kuhusu polisi nitasema kifupi, maana wapo humu na ni marafiki. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa mtoto kushtakiwa hadi miaka 12, na kwa walio juu ya hapo inaruhusu kesi kuepushwa kortini na mtoto kushughulikiwa kwa njia nyingine. Njia nyingine ni ipi hapa Garsen? Zahanati inaweza kuwa mojawapo. Lakini siku polisi atakaposimama kwenye lango letu akiangalia nani ametoka na macho mekundu, kazi imekwisha siku hiyohiyo.

Wahudumu wa afya ya jamii ndio wanaonipa matumaini. Serikali ilizindua wahudumu hao laki moja nchini Septemba 2023, kila mmoja ana nyumba mia hivi, ana begi lenye kipimo cha presha na cha sukari na simu ya kuandikia. Wanaingia hadi uani, wanaona nani halali ndani na nani amekonda. Nisingependa waulize maswali sita mbele ya mama mkwe. Wanachoweza ni kusema, kama wanavyosema kuhusu kifua kikuu, kwamba zahanati siku fulani kuna mtu wa kuzungumza na vijana, na mazungumzo hayaandikwi pa kusomwa. Huduma ya zahanati na vituo vya afya imetangazwa kuwa bure kwa waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, lakini kijana wa miaka 16 husajiliwa na mzazi, na kumwambia mzazi "nisajili nikaongee bangi" hakuwezekani. Aandikwe mapema, pamoja na nyumba nzima, bila sababu.

Na wasichana? Mmenyamaza, nami nilitaka kuwasahau kama kila mtu. Wanavuta wachache, lakini wanavuta, tena wengine hula kwenye biskuti kwa sababu biskuti haina harufu. Hao huja kwetu zaidi ya wavulana: chanjo ya HPV wakiwa na miaka 10 na kuendelea, kisha, mapema mno kwa wengi, kliniki ya wajawazito. Anayempima tumbo msichana wa miaka 17 ana nafasi ya kuuliza. Aulizwe peke yake, mumewe akingoja nje, hata akinuna.

Sijaomba jengo. Naomba mlango unaofungwa kwenye chumba cha tabibu, maana vyumba vingi nilivyofanyia kazi vina pazia tu, na pazia husikia. Naomba alasiri moja kwa wiki, baada ya shule, saa tisa hadi saa kumi na moja, benchi likiwa halina akina mama wa kliniki. Naomba mstari mmoja kwenye daftari, wenye alama isiyoeleweka na mwenye kupita. Tukiwa na hayo matatu Garsen, Ngao na Kipini, mwakani mtu wa takwimu ataacha kuniambia hana kitu.

Mwezi uliopita nilishuka matatu pale Minjila, nikatafuta boda boda ya kunileta mjini. Aliyenipakia alikuwa na kofia ya helmeti iliyofunika uso. Tulikwenda kimya, mwendo wa heshima, akapunguza kila penye shimo. Tulipofika akavua kofia. Alikuwa mtu mzima sasa, ana ndevu, lakini nilimtambua. Nikampa shilingi mia, akarudisha hamsini, akaihesabu mbele yangu ingawa ilikuwa noti moja. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Daktari, bado unaongea na ami?"